Kabla hujatia saini

Mwanangu Salim,

Baada ya salamu, sisi hatujambo. Ujumbe wako kwamba unataka kuingia jeshi la anga la Waingereza nimeusoma. Mamako hajauona, na sitamwonyesha mpaka unijibu. Usitie saini kwanza.

Uko Lincoln, Uingereza, na mkoa huo ndio uliojaa viwanja vya ndege za mabomu katika Vita Vikuu vya Pili. Panda kile kilima chenye mnara wa ukumbusho, usome majina ukutani. Vijana kama 125,000 waliruka na ndege hizo. Zaidi ya 55,000 walikufa. Rika lako hasa. Na wote walijitolea, hapana aliyeshurutishwa.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Kuingia ni hiari, kutoka je? Zamu moja ilikuwa safari 30. Aliyesema katikati kwamba moyo umekataa, aliandikwa kuwa hana ujasiri, akaweza kuvuliwa beji yake ya urubani mbele ya wenzake. Basi wengi walipanda tena kwa kuogopa aibu kuliko mizinga. Ndege ya mabomu ya Lancaster ilichukua watu saba. Mpiga bunduki wa mkiani alikaa peke yake usiku kucha, baridi ya kugandisha, na parachuti yake imetundikwa nyuma yake, nje ya kibanda chake cha bunduki, maana ndani haikuenea.

Utanitajia Johnny Smythe. Najua. Mtoto wa Freetown, akawa mwelekezi wa njia angani, akatunguliwa Ujerumani mwaka 1943, akafungwa, kisha akaja kuwa mwanasheria mkuu wa Sierra Leone. Hata mimi namwonea fahari. Lakini huyo alirudi, ndiyo maana unamjua.

Na waliokuwa chini? Hamburg, mji wa Ujerumani uliopigwa mabomu, Julai 1943, walikufa zaidi ya watu 30,000, watoto wamo. Aliyebonyeza kitufe naye alikuwa mtoto wa mtu.

Sisemi wewe mwoga. Mamako atasema mimi ndiye niliyekujaza habari za ndege, na aseme. Ila usitie saini, Salim, hata wakikuambia ni karatasi tu.

Pesa ulizotuma zimelipa karo ya Mwanaisha. Kama ulidhani zitaninyamazisha, hukunijua. Pampu ya kisima imekufa tena, na fundi yule yule anataka alipwe kabla hajaifungua. Anakuja Ijumaa. Nipigie baada ya swala, nitakuwa naye nje, mamako hatasikia.

Babako