Barua kwa Binti Yangu Aliyekuwa Mkalimani Wetu

Guangzhou,
9 Oktoba 2025.

Mwanangu mpenzi,

Marahaba kwa shikamoo ulizotutumia mimi na baba yako, na asante kwa salamu za bibi yako wa Mlimba ambazo umezifikisha zote bila kupunguza hata moja. Sisi hapa hatujambo. Sikukuu zimekwisha jana, maduka ya jumla yamefunguliwa leo asubuhi, na Jumatano ijayo, tarehe 15, Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya hapa Guangzhou, yanaanza, kwa hiyo wateja wetu wa Kariakoo wameshaanza kuingia na simu ya baba yako haipumziki. Nimeona nikuandikie usiku huu kabla shughuli hazijatuzidi, kwa sababu lile ulilolisema Jumapili limenikaa moyoni.

Ulisema kwamba watoto wa mjomba wako wanakucheka unapozungumza. Hawacheki makosa, maana makosa yenyewe ni machache, bali wanasema unaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Ulipoangusha kikombe ulimwambia bibi yako "naomba radhi kwa usumbufu," na wote waliokuwapo wakaangua kicheko. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ile ya chini ambayo naijua, kwa nini tulikufundisha Kiswahili cha namna hiyo. Mimi nikakujibu kwamba mtandao unasumbua na kwamba tungezungumza siku nyingine. Mtandao ulikuwa mzuri, mwanangu. Nilikosa la kusema.

Jibu la kweli ni kwamba Kiswahili hicho hatukukufundisha, ulikipata kazini. Baba yako aliweka sharti kwamba chakula cha jioni ni Kiswahili kitupu, na ulilitii tangu ulipoanza kutamka, lakini mezani mtoto hupata maneno ya mezani: nipe chumvi, ugali umekuwa mgumu, matembele ya leo yana uchungu. (Namshukuru Mungu kwamba watu wa Guangzhou nao hula matembele, mchicha na bamia, la sivyo sijui ningekulisha nini.) Maneno ya mchezo yalikosekana, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa jirani wa kugombana naye kwa Kiswahili, wa kumwambia "sichezi tena," wa kukubandika jina la utani. Ugomvi wako wote wa utotoni ulikuwa wa Kichina. Yaliyokujia kwa wingi ni maneno ya watu wazima, yaani dhamana, mkataba, uvimbe, mhuri, faini, kibali, kwa sababu sisi wazazi wako ndio tuliokukabidhi kwa Kiswahili ili utuvushie upande wa pili kwa Kichina, kisha tukasimama nyuma yako tukingoja uturudishie jibu.

Ulizaliwa hapa Guangzhou mwaka 2007, miaka miwili baada ya sisi kufika. Sheria ya uraia ya China ya mwaka 1980 haimpi mtoto wa wageni uraia kwa kuwa amezaliwa hapa, kwa hiyo tulikishughulikia cheti chako cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa Kichina, tukatafuta pasipoti yako kwenye ubalozi wetu Beijing, na tukakuombea kibali cha kuishi katika mji uliozaliwa. Nilijua tangu wakati huo kwamba siku ingefika ambapo kibali hicho kingekoma. Kinamfunika mtoto wa mfanyakazi au mfanyabiashara mgeni mpaka anapotimiza miaka 18, na ndivyo ilivyokuwa mwaka huu, ukaondoka Julai kwenda kwa bibi yako huku vitabu vyako vikiwa bado vimepangwa juu ya kitanda. Shule ya kimataifa hatukuiweza. Ada yake ya mwaka mmoja ingemeza faida yetu yote. Tukakupeleka shule binafsi ya Kichina iliyokubali mtoto wa kigeni, na ukaanza chekechea ambako kila asubuhi mlikaguliwa mikono na koo getini na kila mchana mlilazwa kwenye vitanda vidogo vilivyopangwa safu.

Mambo yalibadilika ulipoanza darasa la kwanza mwaka 2013. Wewe unakumbuka skafu nyekundu za wenzako na mazoezi ya kusugua macho kati ya vipindi; mimi nakumbuka imla. Kila jioni mwalimu aliagiza mzazi amsomee mtoto maneno, mtoto ayaandike katika visanduku vya daftari, kisha mzazi atie sahihi. Mzazi huyo alikuwa mimi, ambaye sikuweza kusoma herufi hata moja kati ya zile ulizotakiwa kuandika. Nilishuka nawe ngazi hadi ghorofa ya pili kwa yule bibi uliyemwita Popo (ndivyo bibi anavyoitwa kwa Kikantoni), mstaafu wa kiwanda, ambaye hakuwa amenisemesha neno hata siku moja isipokuwa kunikemea kwamba nimekuvisha nguo chache na kwamba mtoto hapewi maji baridi. Alivaa miwani, akakukalisha kwenye kigoda, akaanza kukusomea. Kesho yake ulirudi na alama mbaya, kwa kuwa matamshi yake ya Kikantoni, lugha ya wenyeji wa hapa ambayo si ile ya shuleni, yalikuponza, naye akasikitika kuliko mimi. Kwa miaka minne Popo alikusomea imla, na sahihi nikatia mimi. Jumatatu iliyopita, sikukuu ya mbalamwezi, alipanda ngazi kwa taabu kutuletea keki nne, akasema moja ni yako na tusiiguse.

Basi wewe ukajua kusoma, nasi hatukujua. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanzia. Kwanza tulikupa karatasi ya bili ya maji. Kisha ujumbe wa mwalimu katika kundi la wazazi kwenye simu, ambao ulikuwa ukinisomea wewe mwenyewe, hata pale ulipokuwa ukikulalamikia wewe. Kisha ikawa mwenye nyumba, dalali, fundi wa kiyoyozi, na kituo cha polisi ambako mgeni hutakiwa kujiandikisha ndani ya saa 24 kila anapohamia nyumba mpya. Ulikuwa na miaka saba, ukisimama kwa ncha za vidole ili kichwa chako kifike dirishani, na askari wakistaajabu kumsikia mtoto mweusi akizungumza kama mtoto wao, wakakupa peremende. Tulijivuna sana. Tuliwasimulia wageni wetu wote kwamba tuna mkalimani wetu nyumbani, na wateja wakaanza kuomba tukuchukue sokoni siku za Jumamosi ili uwapatanishie bei. Tukakuchukua. Hakuna mmoja wetu aliyejiuliza kwamba Jumamosi hizo wenzako walikuwa wakifanya nini.

Babu yako, Mungu amrehemu, alifanya kazi katika ujenzi wa reli ya TAZARA tangu mwaka 1970, na hadi uzee wake alikuwa na maneno machache ya Kichina ambayo bila shaka bibi yako amekwisha kukusimulia. Nilipompigia simu kumsifia kwamba mjukuu wake anatutafsiria, hakunisifu. Alisema kwamba kule Mlimba, kati yao na mafundi wa Kichina, mkalimani alikuwa mtu mzima aliyelipwa mshahara, na alipochoka alipumzika. Nilidhani mzee hajaelewa mambo ya siku hizi.

Nilianza kumwelewa mwaka 2016, nilipougua. Ulikuwa na miaka tisa na baba yako alikuwa Yiwu kwa ajili ya mzigo wa mteja, kwa hiyo nilikuombea ruhusa shuleni. Wewe ndiwe uliyekata namba, ukalipa dirishani, ukanipeleka kwenye kipimo, ukanirudisha kwa daktari ambaye chumba chake kilikuwa kimejaa wagonjwa wengine wakisikiliza. Daktari alizungumza kwa muda mrefu. Nawe ukanyamaza, kisha ukaniambia: "Mama, kuna kitu kama nyama, kidogo tu, watakitoa." Nikakuamini na nikapumua. Usiku wa tatu niliamka nikakuta umeketi sakafuni mlangoni pa chumba changu, na ulipoona nimeamka ukaniuliza kama nitakufa. Ulikuwa uvimbe wa kawaida wa kizazi ambao wanawake wengi huwa nao, lakini katika jina lake la Kichina imo herufi ileile inayoandikwa katika jina la uvimbe wa saratani, na wewe ulikuwa unaijua herufi hiyo. Ulibeba peke yako, kwa siku tatu, jambo ambalo uliamini kuwa ni habari ya kifo cha mama yako, ukaniletea mimi nusu yake iliyo nyepesi.

Nilikuahidi kwamba sitakupeleka tena hospitali, na ahadi hiyo niliitimiza. Lakini Aprili 2020 ilipofika nilikurudisha kazini, na hilo ndilo ninalotaka kulisema leo kuliko mengine yote.

Unakumbuka siku zile. Ugonjwa wa korona ulikuwa umepungua mjini, kisha wakapatikana wagonjwa wachache miongoni mwa Waafrika, na mara Waafrika wengi wakapimwa na kufungiwa ndani hata kama hawakuwa wamesafiri popote, wengine wakatolewa majumbani na hotelini wakalala barabarani na mizigo yao, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Mwenye nyumba wetu alikuja jioni na wanaume wawili. Baba yako alifungua mlango na, kwa mazoea, akakuita. Ulisimama katikati yetu ukiwa na miaka kumi na miwili. Yule mtu alisema maneno yake, nawe ukageuka ukatuambia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Anaomba tumwie radhi, anasema majirani wana wasiwasi, anaomba tupishe kwa muda." Baba yako akamjibu kwa upole kwa sababu alidhani ameombwa kwa upole. Ukavusha upole huo upande wa pili. Yule mtu akasema mengine, mabaya zaidi, juu ya rangi yetu na juu ya uchafu, nawe ukatuletea mengine mazuri.

Mwanangu, mimi niliyaelewa yote. Nilikuwa nimeishi hapa miaka kumi na mitano, na ingawa siwezi kusoma, masikio yangu yalikuwa yameshafunguka kitambo. Nilisikia neno alilotuita, na nikakusikia ukilikunja na kuliweka kando ili lisitufikie. Ningeweza kukuvuta nyuma yangu na kumjibu mwenyewe kwa Kichina changu kibovu. Sikufanya hivyo. Nilijiambia kwamba nikifanya hivyo nitakuvunjia juhudi yako, na kwamba baba yako akijua maneno halisi atampiga yule mtu na sote tutaingia matatani, na huenda hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba niliona haya. Sikutaka ujue kwamba mama yako amesikia. Kwa hiyo tulifunga mizigo usiku ule, tukahifadhiwa kwa rafiki kwa siku kumi na saba, na tangu hapo wewe umeishi ukiamini kwamba umetukinga, nami nimeishi nikikuacha uamini hivyo. Popo alisimama kwenye ngazi tukishuka na masanduku, akatia mfuko wa machungwa mkononi mwako, akamtazama mwenye nyumba bila kumsalimia. Nafikiri naye alijua kwamba mimi nimeelewa.

Nakuomba radhi kwa usiku ule, na kwa siku zile tatu za mwaka 2016, na kwa Jumamosi zote za sokoni. Baba yako nimemweleza juzi. Alikaa kimya sana, kisha akaniuliza neno lenyewe lilikuwa lipi, nami nikamwambia. Amesema atakuandikia kwa mkono wake.

Kuhusu watoto wa mjomba wako, waache wacheke, kwa kuwa hawana ubaya, ila waombe wakufundishe kombolela, hata kama unajiona mkubwa. Muulize bibi yako pia maneno anayomwambia kuku anapoingia jikoni. Mimi nilikulia nayo na sikuwahi kukupa, kwa kuwa hapa ghorofa ya sita hatukuwa na kuku.

Kibali changu kinakwisha mwezi ujao. Jana usiku mdogo wako, ambaye sasa ana miaka tisa, aliniambia kwamba ataomba ruhusa shuleni anisindikize ofisi ya vibali, na alikuwa ameshafungasha kalamu yake na chupa ya maji. Nilimwambia aende shule. Leo nimekwenda peke yangu. Nimekosea dirisha mara mbili, nimejaza fomu moja upya, yule binti wa dirishani amenirudia swali mara tatu mpaka nikalielewa, na watu waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Saa tano na nusu wamechukua pasipoti yangu na kunipa stakabadhi. Nimeiweka juu ya meza mbele yangu ninapokuandikia, na jina lako halimo popote.

Msalimie bibi yako, mwambie nguo zake nitampa mteja wa Morogoro anayeondoka tarehe 25. Keki yako ipo kwenye friji.

Ni mimi mama yako akupendaye.