Kuhusu ubishi wa jana usiku

Habari za asubuhi wanakikundi. Jana mwenzetu mgeni aliuliza kwa nini simu yake haichaji. Akaishia kusoma watu wawili wakishindana nani fundi zaidi, na swali lake halikujibiwa. Jamani, imeniuma sana.

Anayebisha alete kipimo: ukichomeka chaja ya kawaida, mita ya kupimia volti inasoma volti 5 kwenye sehemu ya kuchajia, au sifuri? Hapo kuna cha kujadili. Ukijibiwa kwa kejeli usirudishe, niandikie pembeni, nitaongea naye mwenyewe. Hata Linus Torvalds, mwasisi wa Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta), mwaka 2018 aliomba radhi hadharani kwa ukali wa barua pepe zake.

Mwenye simu ile, tafadhali rudia swali lako, na utaje modeli.