Kabla ya mtaalamu, muulizeni mfagizi

Wanangu wahandisi na mameneja wa viwanda vya Themi, Njiro na Unga Limited,

Habari za kazi. Mimi ni fundi boila mstaafu, niko huku Old Moshi na migomba yangu na kahawa kidogo. Juzi kijana mmoja wa kwenu alinitembelea, akanionyesha kwenye simu mpango wa kiwanda chao wa kushirikisha wadau. Kurasa thelathini na kitu, wadau wamepangwa kwa rangi, wenye sauti kubwa juu, wengine chini. Nikamuuliza: mfagizi yuko wapi humu? Akapekua weee. Hayupo. Ndiyo maana naandika.

Niwasimulie ya kwangu. Miaka ya themanini nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja hapo Arusha, jina nisilitaje. Tulikuwa na boila ya kuni, yaani tangi kubwa la kuchemshia maji yatoe mvuke. Mvuke ukishafanya kazi yake kwenye mashine unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yale tuliyaachia mtaroni yakiwa bado ya moto. Mama mmoja mfagizi alikuwa akija kila asubuhi na ndoo yake ya bati, anakinga pale kwenye mdomo wa bomba, anafulia matambara. Siku moja akaniambia, "Baba, haya ya moto mnayamwaga, halafu mnachoma kuni kuchemsha mengine ya baridi?" Nikacheka. Wachochea moto nao wakacheka kwa kuwa msimamizi kacheka.

Kama miaka mitatu baadaye akaletwa mtaalamu kwa ndege, akalala hotelini wiki mbili. Ripoti yake ilikuwa nene, lakini kiini chake kilikuwa kimoja: rudisheni maji yale kwenye boila. Yana joto tayari, na kwa kuwa yametokana na mvuke hayana chumvi, hivyo hayajengi ukoko ndani kama maji ya kisima. Ukoko huo nilikuwa nikiukwangua kwa mikono yangu kila boila ilipozimwa. Ukiwa mnene, joto linachelewa kuyafikia maji na kuni zinateketea bure. Nililijua hilo, ila sikuwahi kuliunganisha na ile ndoo ya bati. Bomba la kurudishia halikufika hata mita arobaini. Yule mama alikuwa ameshaacha kazi. Hakuna aliyemtafuta kumwambia kwamba alikuwa sahihi, na wa kumtafuta nilikuwa mimi.

Sasa mtaniambia, "Mzee, siku hizi kuna sheria." Ipo, ya Usimamizi wa Mazingira, ya mwaka 2004, na inataka wananchi wasikilizwe mradi unapofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Mikutano hiyo nimeihudhuria. Turubai, viti vya plastiki, soda, mtendaji anafungua, mchoro unamulikwa ukutani, saa saba watu wanaenda kula wali. Karatasi ya mahudhurio imejaa saini. Ila mashine imeshaagizwa, iko melini. Mtu akikwambia mtaro wako utaelekea shambani kwake, utamjibu nini na mashine iko melini? Waiteni watu mchoro ukiwa bado wa penseli.

Sisi wa mlimani tulikua na mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba. Maji ya mfongo yalikwenda kwa zamu, siku ya kuusafisha kila kaya ilitoa mtu, na asiyekuja alitozwa. Mwenye shamba la mwisho kabisa, kule maji yanakofika yamechoka, naye alikuwa na neno kikaoni, maana ukiziba juu yeye ndiye wa kwanza kujua. Mto Themi nao una watu wa chini. Unapita mjini, unafika kwa wanaomwagilia mboga ambazo wake zenu wananunua sokoni, unaingia Kikuletwa, maji yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu kwa wavuvi. Ni wangapi kati yenu wamewahi kumtembelea mkulima wa mboga mmoja tu wa kule chini, bila mpiga picha?

Kuhusu ubunifu nina neno moja la kusema kwa ukali kidogo. Mnausaka mbali mno. Pale Ngurdoto wataalamu wamekuwa wakitengeneza mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kupunguza floraidi kwenye maji ya kunywa, hii floraidi inayowapaka watoto wetu meno ya kahawia. Mifupa ambayo mwenye bucha anaiona uchafu! Nendeni na kwenye mashine za kukoboa mpunga kule Mabogini mkaone milima ya pumba. Zinawaka vizuri. Lakini msikurupuke: pumba huacha majivu mengi, kama moja ya tano ya uzito wake, na chekecheke ya tanuri la kuni haiyawezi. Nani atayazoa usiku saa tisa? Mchochea moto. Basi naye aketi mezani bei inapojadiliwa, siyo apelekewe koleo baadaye.

Halafu lile sanduku la maoni getini. Kufuli lina kutu na ufunguo anao meneja ambaye ndiye analalamikiwa. Ling'oeni. Mtu akikupa wazo, mrudie mwenyewe kwa mdomo ndani ya wiki, hata kama jibu ni "haiwezekani, na sababu ni hii." Wazo likiokoa fedha, aione kwenye mshahara. Fulana yenye nembo ya kampuni ninazo saba, nafutia vumbi.

Mkiwa tayari kuanza, niiteni. Nauli ya Coaster nitajilipia. Ninaomba tu kikao kifanyike chumba cha boila, saa ambayo zamu ya usiku inapokezana na ya asubuhi ili wote wawepo. Mfagizi mpeni kiti cha mbele, na aongee kabla yangu.

Mzee wenu,
Fundi boila mstaafu,
Old Moshi