Bibi zetu wa Girl Guides wahojiwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa za kila Februari kuhusu maskauti na Girl Guides (chama cha maskauti wa kike) kuzuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, mjini Nyeri. Mkewe, Olave, hutajwa kwa kupitia tu, ilhali majivu yake yamezikwa papo hapo, na jina lake limechongwa kwenye jiwe hilohilo. Ndiye aliyekuwa Mkuu wa Girl Guides duniani tangu 1930.

Linaloniuma zaidi ni wasichana wetu wenyewe. Chama kilianza Kenya mwaka 1920, lakini bibi zetu waliovaa sare ya buluu na kufundishwa kufunga majeraha hatuwasikii popote. Picha zao zinafifia masandukuni.

Chama kishirikiane na Makavazi ya Kitaifa kurekodi masimulizi yao, kuanzia Nyeri.

Msomaji,
Karatina