Asilimia ya chuo si asilimia ya mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu vikokotoo vya intaneti vinavyomwambia mwanafunzi wa sekondari ana nafasi kiasi gani ya kudahiliwa katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye ushindani mkali. Mwandishi wenu aliwashauri wazazi waingize alama za mtoto, wasome asilimia itakayotokea, kisha wachague vyuo kwa kuifuata asilimia hiyo. Mimi nafundisha hisabati, na ndiye ninayewaandikia wanafunzi wa shule yetu barua za mapendekezo wanapoomba vyuo hivyo. Ushauri ule utawaumiza watoto, na nimeona nisikae kimya.

Nianze na namba yenyewe. Kwa wanafunzi walioingia mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 ikadahili 1,937, yaani chini ya wanne katika kila mia. Mzazi anayeisoma namba hiyo hudhani kila mwombaji alikuwa na nafasi ya karibu asilimia 4, na kwa kuwa mwanawe ndiye wa kwanza darasani, basi yeye atakuwa nayo mara tatu au nne ya hiyo. Sivyo. Wastani ule umewachanganya watu walioingia kwa milango mbalimbali. Hili halihitaji kubahatisha, kwa sababu kesi iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, ya kupinga namna Harvard inavyozingatia rangi ya mwombaji, ilikilazimisha chuo hicho kutoa takwimu zake za miaka sita. Wanamichezo waliotafutwa na makocha walidahiliwa kwa kiwango cha takriban asilimia 86. Watoto ambao mzazi wao alisoma pale walidahiliwa kwa takriban theluthi moja. Wale wasio na mzazi aliyesoma pale walipata karibu asilimia 6 tu, na wakati huo maombi yalikuwa machache kuliko ya sasa. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika uamuzi wake wa Juni 2023, ilizuia kuzingatia rangi ya mwombaji, lakini mlango wa watoto wa wahitimu haukuguswa. Viko vyuo visivyo na mlango huo kabisa: MIT haiangalii mzazi alisoma wapi, Johns Hopkins iliacha, na Amherst iliacha mwaka 2021. Kikokotoo hakimuulizi mtoto wala hakimwelezi lolote kati ya hayo.

Kinamuuliza alama. Kesi ileile ilionyesha kwamba katika mwaka mmoja, miongoni mwa waombaji zaidi ya 26,000 wa ndani ya Marekani, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa alama shuleni, na wapatao 3,400 walipata alama zote katika hisabati ya SAT, mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani huutumia katika udahili. Nafasi zenyewe hazikufika 2,000. Nawaomba wazazi waisome sentensi hiyo mara ya pili. Alama za juu humfikisha mtoto kwenye rundo la mafaili yanayosomwa kwa makini. Kutoka hapo, ofisa udahili anatafuta kitu kingine, na mara nyingi kinategemea chuo kinahitaji nini mwaka huo: labda idara ya falsafa haina wanafunzi wa kutosha, labda wa uhandisi wamezidi. Nimewahi kuwa na wanafunzi wawili waliokaribiana mno kwa alama, wavulana wa darasa moja, walioomba vyuo vilevile viwili. Mmoja alikubaliwa na cha kwanza akakataliwa na cha pili, mwenzake ikawa kinyume. Wazazi wa wote wawili walinijia wakitaka sababu. Hakuna mwalimu aliye nje ya chumba cha maofisa udahili anayeweza kuitoa, na sikujaribu kuwatungia.

Kuna kosa jingine la hesabu katika makala, nalo linanigusa zaidi kwa sababu ya somo langu. Mwandishi alisema mwanafunzi akiomba vyuo kumi vinavyodahili asilimia 4 kila kimoja, anajikusanyia nafasi ya asilimia 40. Asilimia za namna hii hazijumlishwi hivyo. Nafasi ya kukataliwa na kimoja ni 0.96, ya kukataliwa na vyote kumi ni 0.96 ikizidishwa yenyewe mara kumi, ambayo ni takriban 0.66. Inabaki nafasi ya asilimia 34 kwamba kimoja kitamkubali, na hiyo ni kama maamuzi ya vyuo hayahusiani. Lakini yanahusiana sana. Insha kuu inayokwenda kwa kila chuo ni ileile ya maneno yasiyozidi 650, barua za walimu ni zilezile, na matokeo ni yaleyale. Kama kuna udhaifu katika faili, wasomaji kumi watakutana nao. Kwa hiyo mtoto anayetuma maombi kwenye vyuo kumi vya juu kabisa, akiacha vile vinavyodahili nusu ya waombaji wake, anaweza kufika mwisho wa Machi akiwa hana hata kimoja. Nimewaona waliofika hapo. Walikuwa wanafunzi hodari, na waliishia kupoteza mwaka.

Sasa niseme kuhusu fedha, ambazo makala ilizitaja kwa mstari mmoja. Kwetu sisi tunaotuma wanafunzi kutoka nje ya Marekani, hapa ndipo hesabu inapobadilika kuliko mahali pengine popote. Vyuo vichache vinasema wazi kwamba havitazami uwezo wa kulipa wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua, na akishakubaliwa vinamtimizia msaada wote anaouhitaji. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst zimo humo, na Dartmouth na Bowdoin zilijiunga mwaka 2022. Vingine vikubwa, kama Stanford na Cornell, vinatoa misaada mikubwa kwa wageni lakini vinasema kwamba ombi la msaada huzingatiwa wakati wa kuamua. Maana yake ni kwamba watoto wawili wenye faili moja, mmoja mwenye mzazi wa kulipa na mwingine asiye naye, hawana nafasi sawa pale. Baadhi ya vyuo hata vinasema asiyeomba msaada mwanzoni hataruhusiwa kuuomba baadaye, kwa hiyo kumficha ofisa hali ya nyumbani kwa matumaini ya kuingia kwanza ni hatari kubwa. Mzazi akiuliza nafasi ya mwanawe, swali langu la kwanza huwa ni kiasi gani familia inaweza kulipa kwa mwaka bila kukopa. Wengine hukasirika. Lakini jibu la swali hilo hubadilisha orodha ya vyuo kuliko alama tano za fizikia.

Wala isidhaniwe kwamba fedha ni kikwazo kwa wageni pekee. Utafiti wa wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watoto wa familia zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato nchini Marekani walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma katika vyuo hivi kuliko watoto wa tabaka la kati wenye alama zilezile za SAT au ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo. Alama zilezile, Mhariri!

Makala pia ilisema SAT imeondolewa, kwamba mwanafunzi asijisumbue nayo. Naomba hilo lisahihishwe haraka kwa sababu wapo watakaolifuata. Ni kweli vyuo vingi viliacha kuidai wakati wa janga la korona. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kurudisha. Chuo Kikuu cha California, kwa upande mwingine, hakiiangalii kabisa hata ukiituma. Kila chuo kina sheria yake, na sheria hiyo inasomwa kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, kwa mwaka husika.

Naelewa kwa nini vikokotoo vinapendwa. Kusubiri ni kuzito, na namba hutuliza moyo hata isipokuwa na msingi. Kinachonisikitisha ni kile namba inachomfanyia mtoto anapoandika. Nina mwanafunzi mmoja, msichana, ambaye kikokotoo kilimpa asilimia 9 kwa chuo alichokitamani, kikamshauri aongeze uongozi. Alipoleta fomu yake nikaikuta imejaa vyeo: mwenyekiti wa klabu ya mazingira, katibu wa klabu ya mdahalo, makamu wa hiki na kile, vyeo ambavyo kwa sehemu kubwa alivikubali muhula huohuo ili viandikwe. Fomu ya pamoja ya maombi (Common App), inayotumiwa na vyuo vingi, ina nafasi kumi za shughuli, kila moja ikiwa na maelezo yasiyozidi herufi 150, na zote kumi alikuwa ameshazimaliza.

Hakuandika popote kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akipima mvua. Alitengeneza kipimamvua kwa chupa ya plastiki na rula, akakiweka nyuma ya maabara, na kila asubuhi kabla ya darasa alisoma kipimo na kukiandika daftarini. Mimi nililijua daftari lile kwa sababu aliniletea swali: alitaka kujua kama tofauti kati ya mwaka wa pili na wa tatu ni mabadiliko ya kweli au ni bahati tu. Swali hilo ni la takwimu za chuo kikuu, naye alilifikia mwenyewe kwa kutazama namba zake. Tulitumia wiki nzima baada ya masomo kulifanyia kazi. Alipokosa kipimo siku aliyougua, aliacha mstari mtupu akaandika “sikupima,” hakubuni namba. Nilipomuuliza kwa nini hakuliweka daftari kwenye fomu, alisema kikokotoo hakikuwa na sehemu ya kitu kama hicho.

Tuliviondoa vyeo vinne. Daftari likawa la kwanza, na barua yangu ya mapendekezo ilihusu ule mstari mtupu kuliko matokeo yake ya mtihani. Kama atakubaliwa au la, sijui, na sitamwambia asilimia. Ninachoweza kusema kama mwalimu ni kwamba ofisa atakayefungua faili lile sasa anamsoma yeye. Mwanzoni angesoma orodha inayofanana na maelfu ya nyingine.

Orodha yake ya vyuo nayo tuliipanga upya. Imebaki na vitatu vya ushindani mkali, vyote visivyotazama uwezo wa kulipa, halafu vingine vya kati vinavyotoa msaada kamili kwa wageni wachache, halafu viwili ambavyo ana kila sababu ya kuvitegemea na ambavyo, hili ni muhimu, angefurahi kusoma pale. Kuweka chuo cha akiba ambacho mtoto anakidharau ni kujidanganya. Wazazi wanaoogopa kwamba chuo kisicho na jina kubwa kitamharibia mtoto maisha wangefaa kujua kazi ya watafiti Stacy Dale na Alan Krueger ya mwaka 2002: waliwalinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya namna moja, wakaona kwamba waliokwenda kwenye vyenye ushindani zaidi hawakuwa, kwa jumla, na kipato kikubwa kuliko waliochagua vingine. Waliotoka familia maskini ndio walionufaika zaidi na vyuo vya juu, na ndiyo maana nawasukuma wanafunzi wangu wasio na uwezo waombe huko pia, bila kuweka matumaini yote huko.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mnapochapisha kiwango cha udahili cha chuo chochote, andikeni ni cha mwaka gani, kinajumuisha wageni au la, na kama chuo hicho kinazingatia ombi la msaada wa fedha. Na mnapotoa picha ya kijana aliyekubaliwa na vyuo vinane, mwulizeni aliomba vingapi na nani alimlipia ada za maombi, mkitaja pia kwamba asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada hizo. Fomu ya pamoja hufunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka, na maombi ya mapema katika vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba. Masahihisho yakitoka katika toleo lijalo, yatawakuta wengi kabla hawajafuta daftari lao kwenye orodha.

Wako,
Mwalimu wa hisabati
(Jina nimelihifadhi kwa ajili ya wanafunzi wangu)