Mwanangu, shufwa haikai jirani na shufwa

Marahaba mama. Salamu zako shangazi kanifikishia, na karatasi yako ya moko, ule mtihani wa majaribio, kaipiga picha akanitumia, nimeikuza kwenye simu mpaka macho yananiuma. Kiswahili 46 kati ya 50! Nimemwonyesha kila mtu hapa sokoni, muuza ndizi sasa akiniona anageukia kwingine. Hisabati 31. Sijakasirika. Yaani nilikasirika kidogo juzi ila imeshapita.

Nimepitia yale uliyokosa moja moja, na matatu ni kosa lile lile, ndo maana nakuandikia kabla hujaenda kambini Jumatatu maana huko simu hawaruhusu.

Swali lilisema jumla ya namba shufwa tatu zinazofuatana ni 72, tafuta iliyo kubwa. Umeandika 25. Mama, 25 imekuwa shufwa lini? Shufwa ni ile inayogawanyika kwa 2 bila kubakiza. Hesabu yenyewe umeipiga vizuri tu, x na x+1 na x+2, ikaja 3x+3, ukapata 23, 24, 25, na ukijumlisha kweli ni 72. Wangekuuliza namba tatu zinazofuatana basi, bila neno lingine, ungepata. Lakini lile neno shufwa umeliruka kama dimbwi. Shufwa haikai jirani na shufwa, katikati yao kuna mtu kakaa, kwa hiyo ni x, x+2, x+4, inakuja 3x+6, x ni 22, kubwa ni 26. Na angalia hapo, ya katikati ni 24 kote kote. Namba tatu zikiachiana nafasi sawa, wewe chukua jumla gawa kwa 3 unapata ya kati, halafu unatembea nyuma na mbele, hata x huihitaji. Sijui kama mwalimu amewaambia, mimi nimeligundua jana usiku nyuma ya daftari la madeni, mama yako ananiambia nizime taa.

Witiri nayo, ile inayobakiza 1 ukiigawa kwa 2, ni x+2. Usiniandikie x+1 na x+3 eti kisa ni witiri kama ulivyofanya kwenye lile swali la pili. Ukiwa kwenye 23 ukaongeza 1 umeangukia 24, umeshatoka kwenye ukoo wao. Vigawe vya 5 vinavyofuatana unaongeza 5. Tasa, zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, ndo hazina adabu, toka 5 kwenda 7 ni hatua 2, toka 7 kwenda 11 ni hatua 4, hizo ziandike tu kwa mkono. Kwa hiyo ukiona zinazofuatana usikimbie, uliza kwanza ni zipi, zinafuatana kwenye foleni ya nani. Soma swali mpaka nukta.

Hiyo haraka bibi yako atakwambia umeitoa kwa nani. Nilivyokuwa nakata ushuru wa soko, kitabu kilikuwa na risiti zinafuatana, mfano 801 mpaka 850. Jioni nikachukua 850 nikatoa 801, nikapata 49, nikapeleka hela ya risiti 49, kila moja miatano. Bosi akafunua akahesabu kwa kidole, 50. Maana ile 801 yenyewe nayo ni risiti, unatoa halafu unaongeza 1, na hili nalo wanapenda kulitega kwenye mtihani, kurasa ngapi kuanzia ukurasa wa 12 mpaka wa 30, utasema 18 na ni 19. Basi kwa ile miatano akaanza kukagua vitabu vyote vya mwezi ule, na kwenye kimoja kuna 235 halafu 237. Pengo linaonekana kama jino. Nikasema panya. Ndo kipindi mama yako ana mimba yako na nyumba ilikuwa na mambo mengi. Najua nilikwambia kazi iliisha kwa sababu walileta mashine. Mashine zilikuja baadaye.

Haya, tranka. Kufuli lile la zamani linafunguka hata kwa msumari, nunua jipya, nimetuma elfu ishirini kwa shangazi, humo itoke na sabuni ya mche na dawa ya mswaki, inayobaki ni ya bibi kwenda kupima presha, asikudanganye kwamba ameshaenda. Godoro liandike jina kubwa kwa maka peni. Bati la jikoni nitakuja kulipiga mwenyewe mwisho wa mwezi, mwambie bibi asimlipe yule kijana tena, mara ya kwanza kapiga misumari mitano na hela ya siku nzima kachukua. Mdogo wako umfungie daftari zako kabla hujaondoka, unamjua.

Sitaki useme baba anakubana kwa 31, una kichwa kizuri kuliko changu, ila unasoma nusu ya swali halafu unajibu swali zima.

Nakuachia mawili, majibu mpe shangazi kabla ya Jumatatu. La kwanza, namba witiri tatu zinazofuatana jumla yake ni 75, ndogo ni ipi. La pili, namba witiri tatu zinazofuatana jumla yake ni 72. Hilo la pili usilikimbilie, kaa nalo kwanza ndo ushike kalamu.

Baba yako