Kabla ya kuchagua mji, ulizeni msimu

Mhariri,

Tangu Kenya, Uganda na Tanzania zipewe Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, barazani kwetu Shela, Lamu, hakukaliki. Mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, zilizochezwa Kenya Agosti 2025 zilikuwa zote Nairobi, viwanja vya Kasarani na Nyayo, na vijana wanauliza mbona Pwani haihesabiwi. Nikiwajibu kuwa mji wa mashindano haugawiwi kwa zamu kama sahani za pilau, wananiambia, "Mzee, wewe wapinga kwenu?"

Pwani tulishapewa, tena jambo kubwa. Machi 24, 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Nilikuwako. Machi! Kaskazi inaishia, upepo umelegea, shati lakuganda mwilini nawe umekaa kivulini. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa mbio hizo ndefu tangu 2002, alijitoa mzunguko wa mwisho, Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Tulimshangilia Bekele alipotoka, tusiseme uongo, na hadi leo naona haya kidogo. Nahodha yeyote wa jahazi Mombasa angewaambia waandalizi mwezi huo ukoje.

Wakubwa nao hawakujifunza. Mashindano ya riadha ya dunia, Doha 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu na saa sita usiku kukimbia joto. Walianza 68, wakaacha njiani 28. Tokyo iliandaa Olimpiki ya 1964 mwezi wa Oktoba. Ya 2020 ikapangiwa Julai na Agosti, na marathoni ikabidi ihamishiwe Sapporo, kaskazini kabisa. Mji ule ule, mwezi mwingine.

Ufaransa ilifikiri vizuri zaidi. Kwa Olimpiki ya Paris 2024, mchezo wa kuteleza mawimbini ulipelekwa Teahupo'o, Tahiti, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris, kwa kuwa wimbi lenyewe liko huko.

Sasa Lamu. Uwanja wa watu elfu arobaini tuuweke wapi? Ndege hutua Manda, mgeni huvuka kwa boti, na Mji wa Kale, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Mimi siutaki uwanja huo hata tukiupata bure.

Tulicho nacho ni upepo unaojulikana tarehe zake, na vijana wanaopiga bisho na mashua, kukata upepo wa mbele kwa tanga, tangu utotoni. Malindi wana ufuo mrefu, hoteli, na uwanja wa ndege usiohitaji boti. Mashindano ya kimataifa ya matanga yangetufaa sote wawili, wakati wa demani, kusi kali ikishapoa na bahari ikitulia. Wenye kuomba michezo kwa niaba ya Kenya waje wakae na manahodha wa miji hii miwili kabla ya kujaza fomu. Wakija Machi, waje na feni.

Nahodha mstaafu,
Shela, Lamu